Buti la Kulia

Kila asubuhi, kabla ya chai, mchora mabango alikuwa na mazungumzo na pikipiki yake. Mtaani walimwita Fundi Rangi, na hata mkewe alimwita hivyo siku akimkasirikia. Alifungua mafuta kwa kidole, akabonyeza kijiti kidogo juu ya kabureta mpaka tone la petroli lichungulie, akalifuta lile tone kwa kitambaa. Halafu alikanyaga kiki polepole, bila nguvu, akitafuta pale pistoni inapokuwa ngumu. Akipapata, anatulia. Ndipo anainuka na kushusha uzito wake wote. Injini inakohoa, inafikiri kidogo, kisha inaanza ule mlio wake wa taratibu, du, du, du, mlio usio na haraka ya kumridhisha mtu.

Ilikuwa pikipiki ya zamani, ya enzi ambazo viwanda vilikuwa bado vinaona haya kutengeneza kitu kibovu. Tangi lake la duara alilipaka mwenyewe rangi ya kijani iliyokolea, na ubavuni akavuta mstari wa dhahabu kwa mkono mtupu, bila rula. Kila chuma mwilini mwake kilikuwa na kazi, na kazi hiyo ungeiona kwa macho. Siku hizi mtu ananunua pikipiki iliyovishwa plastiki mwili mzima, anabonyeza kitufe, anaondoka. Siku kitufe kikigoma anasimama kando ya barabara na simu sikioni, hajui hata plagi iko upande gani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na pikipiki hiyo aliiita mke mwenzangu. "Nenda kamwamkie mke mwenzangu," alizoea kumwambia, "mimi nitangoja zamu yangu." Ulikuwa mzaha tu. Yeye ndiye aliyeshona mifuko miwili ya turubai iliyoning'inia nyuma, mmoja wa makopo ya rangi na brashi, mwingine wa nguo za wateja wake. Alishonea sebuleni, karibu na dirisha, kwa cherehani ya miguu aliyoanza nayo akiwa msichana, na nguo zikishakuwa tayari alikaa nyuma ya mumewe, akashika pindo la koti lake, wakaenda kuzipeleka. Siku za kwenda wote wawili ndizo Fundi Rangi alizozipenda kuliko zote, ingawa ukimuuliza angesema anabeba mzigo tu.

Balaa lilianzia kwenye mgahawa wa mkwe wao. Mume wa binti yao alikuwa kijana mkarimu, mwenye maneno mengi na gari la mizigo, na mwenye wazo jipya kila wiki. Alifungua mgahawa wa kahawa akaujaza vitu vya kale: redio ya mbao isiyosema, simu ya kuzungusha isiyoita, saa ya ukutani iliyosimama. Cherehani nyingine ya miguu, ya kale, aliifunika kioo, ikawa meza. Siku ya ufunguzi mama mkwe alikaribishwa hapohapo. Miguu yake, kwa mazoea, ikatua kwenye pedali, ikakanyaga. Pedali ilikwenda na kurudi, nyepesi kama unyoya, haizungushi chochote, maana ukanda ulikuwa umeng'olewa. Alimaliza kahawa yake, akainuka. Walipofika nyumbani alisema neno moja tu, kwamba amemwona maiti aliyevalishwa vizuri.

Siku hiyohiyo mkwe alimwonyesha Fundi Rangi jukwaa dogo karibu na mlango, lenye taa zake, tupu. Akaeleza mbele ya wageni kwamba hapo ndipo pikipiki ya baba itakapokaa, watu wapige picha. Wageni wakatazama. Fundi Rangi, aliyekuwa amevaa koti lake zuri na hakutaka kuonekana mnyonge, akapaza sauti.

"Siku mguu wangu utakaposhindwa kuiwasha, njoo uichukue. Mpaka hapo, weka ua."

Watu walicheka na kupiga makofi. Mkwe naye akacheka, akaweka chungu cha ua juu ya jukwaa, akasema ni kwa muda tu. Lakini Fundi Rangi hakuwa mtu wa kutoa neno akalirudisha mfukoni. Alikuwa amelalamika miaka nenda rudi kwamba siku hizi huwezi kuazima hata ngazi bila saini na shahidi. Sasa yeye ndiye aliyesema, na mashahidi walikuwa mgahawa mzima.

Haikupita muda mrefu, asubuhi moja yenye unyevu alikuwa na haraka, akakanyaga kiki kabla hajapapata pale pagumu. Kiki ikarudi juu kama punda aliyechokozwa, ikampiga chini ya goti. Zahanati walisema hakuna mfupa uliovunjika. Muuguzi alilikunja goti, akalisikiliza likisaga kama changarawe, akasema shida si kiki, goti lenyewe lilikuwa limekwisha siku nyingi. Tangu hapo kila alipoinuka kushusha uzito, mguu ulikunjika katikati ya safari.

Hakumwambia mtu. Nyumba yao ilikuwa juu ya mtelemko, na mtelemko ndio ukawa mguu wake. Aliiachia pikipiki iteremke, akatia gia ya pili, akaachia klachi, injini ikawaka ikitaka isitake. Bondeni hakuna mtelemko wa kuiwashia wakati wa kurudi, kwa hiyo ghafla akawa fundi wa wateja wa milimani tu. Mwenye bucha wa bondeni, ambaye bango lake la ng'ombe alilichora upya kila lilipochakaa, aliambiwa rangi nyekundu imekwisha dukani. Mwenye bucha hakungoja. Akatundika bango la plastiki lililochapwa kwa mashine, lenye ng'ombe mgeni kabisa, mnene kama godoro, asiye na kwato. Jambo hilo lilimuuma Fundi Rangi kuliko goti.

Kisha akaja mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya bondeni, mama mnene mwenye sauti ya kuita gwaride. Jina la shule lililochapwa kwenye plastiki lilikuwa limeliwa na jua hata halisomeki, na alitaka liandikwe ukutani, kwa rangi, kwa mkono, kama zamani. Ni kazi ambayo Fundi Rangi alikuwa ameiota kwa miaka. Na mkewe alikuwa na sketi za sare za kupeleka shule hiyohiyo.

"Basi tunakwenda pamoja," mkewe akasema, na udhuru ukakosa pa kuingilia.

Waliteremka vizuri, injini ikawaka, mkewe nyuma akishika pindo la koti. Siku ilikuwa njema. Alipiga uzi wa chaki ukutani, akazichora herufi kwa penseli, akaanza kuzijaza kwa brashi pana, akishusha pumzi kila mwisho wa mkono wa herufi ili mstari usitetemeke. Watoto walikaa chini kumtazama wakati wa mapumziko, na mmoja akamuuliza mashine yake iko wapi. Alimwonyesha mkono. Kufikia alasiri jina lilikuwa limesimama ukutani, jeusi, lenye kivuli chekundu pembeni, na ungedhani ukuta ulijengwa kwa ajili yake.

Watoto wakaenda nyumbani. Uwanja ulibaki mtupu, umelala bapa kama sinia, mchanga mtupu kila upande. Fundi Rangi akafungua mafuta, akabonyeza kijiti, akafuta tone, akainuka. Goti likakunjika. Akajaribu tena, na tena, mpaka mkono ukamponyoka kwenye usukani. Walijaribu kusukuma, magurudumu yakazama mchangani. Akaketi juu ya kopo la rangi, akatoa simu, akampigia mkwe aje na gari. Hakueleza sababu, na mkwe hakuuliza, jambo lililomchoma zaidi. Alijibu tu kwamba anakuja, na kamba anazo.

Mkewe alikuwa amesimama karibu na pikipiki, mkono juu ya tangi.

"Tangu lini?"

"Tangu ile asubuhi ya goti."

"Nilijua. Nilitaka kulisikia kinywani mwako." Akafuta vumbi la tangi kwa kiganja. "Na sasa unampa."

"Nilisema mbele za watu."

"Ulisema mbele za watu, na mimi nimekaa palepale, hukuniuliza. Nusu ya kiti hicho nimeikalia mimi umri wangu wote." Akalikusanya gauni, akalifunga fundo ubavuni, akavua ndala moja. "Vua buti. La kulia."

Alivua. Buti lilikuwa limetapakaa madoa ya kila rangi aliyowahi kupaka, na mguu wa mkewe ulielea ndani yake. Fundi Rangi akaanza kumfundisha: ainuke, ashuke kwa nguvu zake zote. Akainuka, akashuka kwa nguvu zote, injini ikafanya fyu, basi.

"Sasa nyamaza," akamwambia mumewe. "Nimekusikiliza vya kutosha."

Akafumba macho kama afanyavyo akianza kushona kitambaa kizito. Akakanyaga kiki polepole, kwa ncha ya buti, akiisikiliza kwa unyayo. Cherehani ya miguu nayo ina mahali pake. Ukikanyaga gurudumu likiwa pasipo pake, linarudi nyuma na kukata uzi. Miguu ile ilikuwa imeyajua hayo kabla ya ndoa. Akafika pagumu, akapita kidogo tu, akatulia. Kisha akashuka, bila hasira, kama mtu anayeketi kwenye kiti chake. Injini ikakohoa. Akarudia mwanzo, taratibu vilevile.

Du. Du, du, du.

Fundi Rangi akageuka kufuta brashi ambayo alikuwa ameshaifuta.

Mkwe alipoingia na gari lake, kamba begani, alimkuta mama mkwe amevaa buti moja la kiume na ndala moja, ameketi nyuma ya pikipiki inayonguruma, na baba mkwe amesimama kando, mguu mmoja peku. Alitazama, akaona aamkie kwanza, ndipo aulize.

Fundi Rangi hakuzunguka mbuyu. "Nimekuita mimi," alisema. "Mguu wangu umeshindwa. Neno ni lilelile, ichukue."

Mkwe akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akatengeneza pindo la gauni lake.

"Ichukue tu, mwanangu," akasema. "Ila mimi nimeshakaa."

Kijana alisimama na kamba yake, akaangalia pikipiki, akaangalia buti, akaanza kucheka polepole.

"Mama, lile jukwaa halitoshi watu wawili," alisema, akaanza kuikunja kamba.

Fundi Rangi hakutaka kusamehewa bure. Akasema neno lililovunjwa hulipiwa, na kwamba juma litakalofuata angekwenda kuling'oa bango la plastiki lililokuwa juu ya mlango wa mgahawa na kuandika jina kwa mkono wake, kwa dhahabu. Na akafanya hivyo. Watu wanalipiga picha. Ile cherehani bado imefunikwa kioo, na mama mkwe akienda pale huchagua kukaa kwenye kaunta.

Sasa asubuhi mazungumzo ni ya watu watatu. Fundi Rangi anafungua mafuta, anabonyeza kijiti, anafuta tone, kisha anaita dirishani. Buti la kulia limehamia karibu na cherehani, limejazwa vipande vya vitambaa kwenye ncha ili limkae. Mumewe amejitafutia viatu vingine.

Wakipita bondeni anapunguza mwendo mbele ya bucha kumtazama yule ng'ombe wa plastiki, ambaye ameanza kupauka mgongoni, na mkewe humgonga begani aendelee. Siku zenye kazi nyingi humlazimu kungoja. Anakaa juu ya pikipiki iliyonyamaza, kofia magotini, anasikiliza cherehani ikienda ndani, na anaita tena, bila haraka.

"Subiri nimalize pindo," sauti inatoka dirishani. "Leo zamu ni yangu."