Siku Kumi na Mbili za Kumlisha Paka

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja nilimlisha paka wetu mgonjwa kwa siku kumi na mbili, ilhali nilikuwa nimekatazwa, na baadaye ikasemwa kwamba kwa kumlisha huko nilimuua ndugu yangu. Leo nina watoto wawili na darasa la kufundisha. Hata hivyo, kila nikienda nyumbani kuna mwanamke mmoja njiani anayenisalimia akitazama miguu yangu. Sijawahi kumwomba msamaha, wala sitamwomba.

Kwetu ni upande wa Kabianga, pale ambapo shamba letu la chai linateremka mpaka kwenye kijito. Baba alikuwa dereva wa trekta mbali na nyumbani, na tulimwona mwisho wa mwezi. Waliobaki ni Mama, mimi, na Kogo, maana ndivyo tunavyomwita nyanya. Kogo alikuwa mamake Baba. Tulikuwa pia na paka jike wa rangi ya majivu. Tulimwita Askari kwa sababu tangu aje, panya walikuwa wamelihama ghala letu la mahindi.

Mwaka huo Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee, na watu walikuwa wamengoja huyo wa pili mpaka wakachoka kuuliza.

Mvua kubwa ilipoanza, Askari akaacha kula. Siku ya kwanza alinusa ugali wake wenye maziwa akaenda zake. Siku ya tatu alikuwa amelala juu ya magunia, mate yakimchuruzika, na ukimpapasa mgongoni unahesabu mifupa. Kogo alimtazama kwa muda, kisha akaniita kando.

"Chebet, hiyo paka usiiguse. Na usipee chakula."

"Kwa nini, Kogo?"

"Imeona kitu. Paka ya nyumba ikikataa kula siku tatu, imeona kifo ikikuja kwa watu wake, na imekubali kuenda badala yao. Ukiilazimisha kula, unarudisha hiyo kitu kwa mlango. Na kwa hii mlango yetu, saa hii, nani ako karibu?"

Akageuza macho kuelekea jikoni, ambako Mama alikuwa ameinama akipuliza moto, mkono mmoja kiunoni.

Msifikiri Kogo alikuwa mwanamke mjinga. Kila Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani, na alijua kutibu ndama aliyevimbiwa tumbo kuliko wanaume wote wa kijiji. Nilimpenda, na nilimwogopa. Kwa hiyo nilitii. Nilitii siku moja nzima, nikipita karibu na magunia yale bila kugeuza kichwa, nami nakumbuka aibu ya siku hiyo kuliko kosa lolote nililowahi kufanya.

Kesho yake daktari wa mifugo alikuja kutazama ng'ombe wetu aliyevimba kiwele. Kogo alikuwa shambani akichuma chai. Daktari alipokuwa akinawa mikono nikamletea Askari nikiwa nimemfunga ndani ya sweta yangu ya shule. Akamfungua mdomo, akanionyesha. Jino la nyuma lilikuwa limeoza, na ufizi umevimba kwa usaha.

"Sasa angalia," akasema. "Huyu hajakataa kula. Ameshindwa kula. Hayo ni mambo mawili."

Alimng'oa lile jino, akamdunga dawa, akaahidi kupita tena kumdunga. Kisha akanipa bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe, akanifundisha. Mfunge kwa kitambaa miguu isitoke. Usimlaze chali, atapaliwa. Ingiza ncha pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno marefu, si mbele. Sukuma kidogo, ngoja ameze, ndipo usukume tena. Maziwa ya ng'ombe achana nayo, yatamharisha. Na usikawie, kwa sababu paka akikaa siku nyingi bila kula, ini linaharibika.

Nilichemsha omena, wale dagaa wa ziwani, nikaziponda kwa mwiko, nikazipitisha kwenye chujio la chai mpaka ukabaki mchuzi mzito. Nikaenda nyuma ya ghala. Mara ya kwanza alinikwaruza kuanzia kiganja mpaka kiwiko, akatema yote juu ya sketi yangu. Mara ya pili akatapika. Mara ya tatu nilikaa chini kwenye matope nikalia, naye akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempa ugonjwa. Nikajifuta makamasi, nikajaza bomba tena.

Nilimlisha asubuhi kabla ya shule, na mchana nilikimbia nyumbani wakati wenzangu wakila. Jioni nilimlisha mara mbili. Siku ya pili Mama alinikuta. Alisimama pale na tumbo lake, akaona bomba, akaona paka aliyefungwa. Alijua maneno ya Kogo, maana nyumba yetu ilikuwa ndogo.

"Mama, utaniambia niache?"

Alijishusha polepole akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Shika kichwa vizuri," akasema. "Unamwaga supu."

Siku ya sita Kogo alitufumania. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Umekataa kunisikia?"

"Paka ana njaa, Kogo."

"Haya." Hilo tu. Tangu hapo akaacha kusema nami. Chai niliyompelekea aliiacha ipoe. Kukasirikiwa na mtu unayempenda ni kuzito kuliko kuchapwa, lakini sikuacha. Nilikuwa nimehisi koo la Askari likimeza chini ya kidole changu, na sikuona ni kwa maneno gani ningeliambia koo lile lisimeze.

Siku ya kumi na mbili aliliramba bomba mwenyewe, kisha akashuka mapajani mwangu akaenda kula kichwa cha omena kilichoanguka chini. Nilipiga ukelele hadi ng'ombe akashtuka.

Siku tisa baadaye, asubuhi, Mama alishikwa na uchungu akiwa katikati ya mistari ya chai. Jirani mwenye gari alimpeleka hospitali mjini. Mtoto alizaliwa siku hiyo hiyo, mvulana, kabla ya wakati wake. Mama alimpa jina Kipchirchir, kwa vile alikuja kwa haraka. Aliishi siku mbili.

Tulipokwisha kumzika, wanawake walijaa sebuleni kutufariji. Mimi nilikuwa nikipita na birika. Mama Weldon, jirani wetu wa upande wa juu, yule ambaye mpaka leo hunisalimia akitazama miguu yangu, akapokea kikombe chake, na bila hata kupunguza sauti akasema, "Hiyo kifo ilikuwa imepata mahali pa kuenda. Huyu mtoto ndiye alirudisha."

Kila mtu alinitazama. Kwa mara ya kwanza nikawaza, huenda ni kweli. Nikaiona sura ya ndugu yangu niliyemwona mara moja tu, ndani ya shuka.

Mama alikuwa amelala kwenye kochi, uso ukutani. Aliinuka akaketi. Ilimchukua muda.

"Mama Weldon, niangalie," akasema. "Chebet alilisha paka. Hakuua mtu. Mtoto wangu alikuja mapema, mapafu yake haikuwa tayari, daktari amenionyesha. Mimi ndiye nimemzaa, na mimi nasema hakuna mtu wa hii nyumba amemuua. Kama uko na ingine ya kusema, weka kikombe chini uende."

Mama Weldon aliweka kikombe chini, akaenda.

Hapo ndipo niliposikia mtu akilia karibu na mlango. Ni Kogo. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata makaburini hakulia. Wanawake walidhani anamlilia mjukuu. Alitoka nje, nami nikamfuata kwa sababu sikutaka kubaki mle ndani. Nikamkuta ameegemea boma la ng'ombe.

"Kogo, umenikasirikia?"

Alitikisa kichwa. Alinieleza kwamba alipokuwa bibi harusi mchanga alimlisha paka wa mama mkwe kwa kitambaa kilicholowa maziwa, kwa huruma tu, kama mimi. Mwezi huo mtoto wake wa kwanza, msichana, akashikwa na homa, akafa.

"Walisema ni mimi," akasema. "Mama mkwe, majirani, hata mzee wangu. Na mimi nikakubali. Nilikuwa nakukataza usibebe kitu kama hiyo. Hayo maneno mama yako amesema saa hii, hakuna mtu aliniambia. Hata mmoja. Mpaka nimezeeka."

"Aliitwa nani?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kitu cha lugha ngeni. "Chelangat," akasema.

Sijui kama Kogo aliacha kuamini ile habari ya paka. Hatukuizungumza tena, na sasa amekwisha kutuacha. Kuamini kwake nakuelewa. Msiba usio na sababu ni mgumu, na watu watatafuta sababu hata chini ya magunia. Nisichokubali ni kwamba kila wakitafuta, sababu inapatikana mikononi mwa msichana fulani aliyekuwa akijaribu kusaidia. Kogo aliubeba mzigo huo zaidi ya miaka hamsini. Mimi niliubeba kwa muda wa kumimina vikombe vitatu vya chai, kisha Mama akaniondolea.

Ukoo wetu unapokutana na watu wakaanza kuhesabu vizazi, wengi husema Kogo alizaa watoto sita. Mimi huwakatiza hapo hapo, hata akiwapo mzee wa kanisa. Alizaa saba, nasema, wa kwanza ni Chelangat. Na kwetu tulizaliwa wawili.