Asubuhi Niliyopima Kazi ya Mama Zaina

Nawaambia yote, mucheke mumalize. Vita ilinikatia masomo nikiwa mdogo, nikayamalizia shule ya usiku, na tangu nipate diploma hakuna hesabu katika Kindu nzima inayonishinda.

Mama Zaina, jirani yetu mjane, huja kwetu alfajiri mimi na mke wangu tukienda kuchoma mikate. Anawaandaa watoto wetu, Riziki na Idi, anawapeleka shule. Juzi aliomba nyongeza, maana nyumba yake inavuja.

"Mama, ile njo kazi ya kukaa tu," nikamwambia. "Kesho nitaifanya mwenyewe, nijue bei ya haki. Wewe usiseme hata neno."

"Haya, Baba Idi," akajibu. Kesho yake akaketi uani na chai yake.

Nilipigana kama jeshi zima. Uji ulimwagika, kiatu kilipotea, watoto wa majirani waliingia na kutoka. Lakini kengele ililia nikiwa mlangoni mwa shule, nimeshika watoto wawili wenye sare kama ya wanafunzi wote, shati nyeupe na buluu chini, natembea kama gavana.

Mwalimu akawatazama. "Baba Idi, huyu mutoto ni wa jirani yako. Idi iko wapi?"

Kabla sijajibu, Mama Zaina akafika, Idi mgongoni, bado anapiga miayo. Wazazi wote wakageuka.

"Huyu mama munamulipaka ngapi?" mwalimu akauliza.

Nikataja bei aliyoomba, nikaongeza nusu yake juu.

"Mwalimu," Mama Zaina akasema taratibu, "na wewe umesikia."