Bei Aliyomtajia Mkewe

Kwenye kambi yao ya uwindaji kulikuwa na mzaha mmoja usiochakaa. Kila Novemba msimu wa kulungu ulipofunguliwa, wakishashiba, soksi zimeanikwa juu ya jiko la kuni, mmoja wao huinua kikombe na kusema, "Mungu aniepushe na jambo moja tu: nikifa, mke wangu asije akauza bunduki zangu kwa bei niliyomtajia!" Basi watu wazima na mvi zao wanacheka mpaka wanakohoa. Reino Kuusela alicheka kuliko wote, maana yeye ndiye aliyedanganya kuliko wote.

Hakuwa mtu wa makuu. Baba yake alichimba shaba huko huko kaskazini mwa Michigan, na machimbo yalipofungwa Reino akaajiriwa kuendesha gari la kusukuma theluji barabarani. Theluji ya kwao si mchezo, huzika madirisha. Jumamosi kuoga mvuke kwenye sauna, Jumapili kanisani, pombe kidogo, na maneno machache kuliko pombe. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: bunduki za zamani za kuwindia, zile za kuvuta komeo kwa mkono, zilizotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Aliyoipenda kuliko zote aliinunua kwa mjane wa daktari mmoja, mwaka binti yao Sharon alipoanza shule. Alitoa dola mia tisa, jasho la kazi za ziada za baridi nzima. Alipoingia nayo jikoni, mkewe Verna alikuwa anakanda mkate wa iliki.

"Na hicho nacho bei gani?"

"Sabini na tano."

"Sabini na tano kwa kigongo cha kizee! Wamekuona bwege, mume wangu."

Reino akacheka, akaitundika ukutani juu ya kochi. Ikabaki hapo miaka na miaka, ikishuka kila Novemba tu.

Mwenye jicho angeijua thamani yake. Chuma chake hakikuwa na hata tundu moja la kufungia darubini. Kitako chake cha mti wa mjozi hakikuguswa na msasa wala vanishi mpya. Weusi wa mtutu ulikuwa umefifia pale tu mkono unaposhika wakati wa kuibeba. Ukivuta komeo, linateleza kimya, kama droo ya seremala aliyeipenda kazi yake. Wanaozikusanya bunduki hizi hulipia hicho hasa, kwamba hakuna mtu aliyejitia fundi akaiharibu. Dale Pelkey, jirani yake na mwenzake wa kambini, yake aliitoboa na kuipaka vanishi ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Reino hakumwacha apumue.

"Umeinyoa nusu ya bei, bwana! Sasa hiyo hata mwizi hairudii mara mbili."

"Wewe endelea kuibusu yako," Dale alimjibu. "Siku Verna akijua, mtalala nayo nje, wewe na mpenzi wako."

Dale alijua. Alikuwepo siku mtu mmoja wa Milwaukee alipofika kambini, akaigeuza geuza ile bunduki, akataja dola elfu nne na nusu papo hapo. Reino alikataa. Alitaka Sharon airithi.

Kisha Oktoba moja, akiwa anapanga kuni, kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ukafa wote, na maneno yakaenda nao. Lilibaki moja tu: sawa. Ukimuuliza ana njaa, sawa. Ukimtonesha bega, sawa. Akili ilikuwepo, anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, ila akifungua mdomo hutoka hilo hilo. Walimpa kalamu mkono wa kushoto, akachora mikwaruzo. Hata herufi zilikuwa zimemtoroka.

Verna mwenyewe alikuwa na nyonga mbovu, hawezi kumwinua. Akamwajiri mama mmoja wa kuja asubuhi na jioni. Sharon alikuwa mpishi wa shule huko Green Bay, na Juni shule zikifungwa angehamia nyumbani amtunze baba yake.

"Tufike Juni tu," Verna alikuwa akimwambia huku akimlisha. "Nilikuapia sitakutia kwenye ile nyumba ya wazee, na kiapo sikivunji."

Baba yake Reino alifia mle, uso ameuelekeza ukutani. Reino alikuwa radhi afe kwenye theluji kuliko kwenda mle. Wakauza mashua, wakauza gari. Januari ilipofika, mfuko ulikuwa unakaribia kukauka.

Na dawa yao ilikuwa pale pale, juu ya kichwa cha Verna akimenya viazi kochini. Reino aliinyoshea mkono wake mzima. "Sawa! Sawa!"

"Najua, mume wangu, unaiwaza kambi. Msimu umekwisha, tulia."

Alitulia. Angefanya nini? Wahenga walisema mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameuficha wake muda mrefu hata alipotaka kuufunua, ulimi ulikuwa umekufa.

Asubuhi moja Dale alikuja kuwasukumia theluji uani kama kawaida yake, akaingia kupata kahawa. Verna akamwekea kipande cha mkate.

"Dale, shemeji yangu, hiyo bunduki ya mwenzio ichukue wewe. Hataibeba tena, na kuitazama kunamtesa, naona anavyoinyoshea mkono. Mimi nataka pesa ya mafuta ya kupasha nyumba joto. Alinunua sabini na tano. Nipe mia na hamsini, uwe umenifaa."

Reino akainua kichwa. Sasa! Sasa Dale ataangua kicheko, atapiga paja, atasema shemeji, huyu bwana wako ni mwongo wa kutupwa, hapo ukutani pana gharama ya baridi yenu nzima na chenji. Aibu itakuwepo, na aje nayo, heri aibu.

Dale akaweka kikombe chini. Akaitazama bunduki, akamtazama Reino, akayaondoa macho.

"Mia na hamsini?"

"Nyingi?"

"Hapana... si nyingi, shemeji. Ni bei ya haki."

Reino akapiga mkono wa kiti kwa ngumi, mate yakimtoka. "Sawa! Sawa! Sawa!"

Verna akacheka na machozi yakimlenga. "Umeona? Mwenyewe ameibariki."

"Nimesikia," Dale alisema akitazama sakafu. Akatoa mia mbili, akasema iliyozidi ni ya iliki. Akaishusha bunduki, akaizungushia koti lake, na akipita akampapasa Reino bega. Lile lililokufa. Jamani, binadamu! Miaka yote hiyo wamelala kambi moja, wamekula sufuria moja.

Mafuta yale hayakumaliza Februari. Yule mama wa kusaidia naye akaacha, maana mshahara haukuwepo na hata yeye ana watoto. Nafasi ikapatikana kwenye nyumba ya wazee, na Verna akaenda mjini kumnunulia mumewe nguo za kulalia za kwenda nazo. Aliporudi hakuvua koti. Alisimama mbele ya kiti cha Reino.

"Nimeiona dirishani, kwenye lile duka la vifaa vya kuwindia. Nimeijua kwa mkanda niliokushonea. Wameiandika elfu nne na mia nane."

Reino akafumba macho.

"Nikaingia nikawaambia mmekosea, hiyo ni ya dola sabini na tano. Mwenye duka akacheka. Akasema, mama, kila mke huambiwa sabini na tano. Duka zima likacheka, Reino."

Akaketi kwenye kochi, chini ya alama ya ukuta mweupe ilipokuwa bunduki.

"Dale alijua?"

"Sawa."

"Nikimfuata atasema bei niliitaja mwenyewe. Na kweli niliitaja." Alijifuta pua kwa glavu. "Ile pesa ingetufikisha Juni. Ingebaki." Kisha sauti ikashuka. "Mwaka ule ulipoinunua nilikuwa na akiba kwenye kopo la unga. Nilikuwa naiweka nikununulie kitu unachokipenda, sikujua kipi. Ungeniambia tu. Ningekuongezea, mjinga wewe."

Kifua cha Reino kilijaa kila alilopaswa kulisema tangu siku ile ya mkate wa iliki. Akafungua mdomo.

"Sawa," alisema.

 Verna akatoa zile nguo kwenye mfuko, akavaa miwani, akaanza kushona jina la mumewe kwenye kola, maana kule nguo hupotea.

Gari la nyumba ya wazee lilikuja Jumatatu, likaingia mpaka mlangoni bila shida. Theluji uani ilikuwa imeshasukumwa. Dale alikuwa amepita mapema, na siku hiyo hakuingia kunywa kahawa.