Mwanangu Hakutaka Klorini

Kipindupindu kilipoingia Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, mwanangu alikuwa na miezi mitano, na mimi nilikuwa na hasira niliyotoka nayo Kivu, Kongo. Nilikuwa nimemaliza sekondari Mbarara, najua Kiingereza, najua Kiswahili cha kwetu, basi wakanichukua kusaidia kwenye mahema ya wagonjwa. Kazi yenyewe: kunywesha watu maji ya chumvi na sukari, kumwaga ndoo, kuosha vitanda vyenye tundu la kuharia katikati. Jioni tunapuliziwa klorini viatuni, tunanawa klorini mpaka viwikoni, ndipo tunaruhusiwa kwenda.

Mimi nilizidisha. Nilishaona mtoto akianza kukauka asubuhi na kufa adhuhuri. Nyumbani nikafua kila kitu kwa klorini: nguo, kitenge cha kubebea mtoto. Hata kifua changu nilikipangusa nayo. Wiki ya pili mwanangu akakataa ziwa. Nikimsogeza anageuza uso, analia kama nimemfinya. Mama yangu akawa anampa uji mwepesi kwa kijiko huku ananitazama, na kutazamwa huko ndiko kulikoniudhi zaidi.

Huruma ikanikauka. Sidanganyi. Nilikuwa naona ndoo, sioni watu. Nesi mkuu wetu, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Makenke, mtu wa kaskazini mwa Uganda aliyekuwa mbali na kwao kama sisi, akanikuta nimesimama nyuma ya hema.

"Wewe, mama toto, iko nini?"

"Naacha kazi. Mtoto hanyonyi. Kesho sirudi."

"Sawa. Kesho ni kesho. Leo ile mzee ya kitanda ya mwisho nakataa kunywa. Enda gombana na yeye. Wewe najua gombana."

Hapo alisema kweli. Mzee huyo alikuwa mkulima wa Fizi, kule kwetu Kivu, mkimbizi kama mimi, amebaki mifupa na maneno.

"Papa, kunywa."

"Mwanangu, hii maji iko na chumvi mingi. Leta chai."

"Chai utakunywa kwako. Hapa unakunywa hii, ao nikushike pua."

Akacheka, ingawa nguvu ya kucheka hakuwa nayo. Akanywa mafunda mawili. Macho yake yakaangukia gauni langu, pale maziwa yalipokuwa yamelowesha, akayaondoa haraka kwa heshima.

"Kuko mtoto analia fasi fulani, ku nyumba yako."

Nikamweleza yote kwa ukali, kama yeye ndiye aliyeleta ugonjwa.

"Unafuaka kitenge na hii dawa yenu?"

"Kila siku."

"Na kifua?"

Nikamsogezea kikombe.

"Basi hakukatai wewe. Anatafuta mama yake, anakuta hospitali. Bibi yangu alinizalia kumi. Akitoka ku shamba, anaoga, anakaa kwanza ku moto, anapika, anavaa kitenge ya nyumba. Hapo mtoto anamujua."

"Kunywa, Papa."

"Nakunywa, nakunywa. Uko mukali sana!"

Jioni ile nilioga kwa sabuni ya kipande na maji matupu. Nikajifunga kitenge cha mama yangu, kile anachovaa akipika sombe ya majani ya muhogo, kinanuka moshi na mawese. Nikakaa jikoni mpaka macho yakatoka machozi, na sijui kama yote yalikuwa ya moshi. Mama akanikabidhi mtoto. Mtoto akaninusa shingo. Akanusa tena. Kisha akashika ziwa kwa nguvu hata nikapiga kelele, na mama yangu, mwanamke asiyecheka ovyo, akacheka mpaka mwiko ukamdondoka majivuni.

Asubuhi nikarudi mahemani. Hata sikumsalimu yule mzee.

"Ananyonya," nikamwambia.

Akalitangazia hema zima. Watu ambao jana hawakuweza kuinua kichwa wakapiga makofi, mikono yao imelegea, hayasikiki vizuri. Nesi mkuu akauliza kelele ya nini. Hasira yangu ilikuwapo bado, isipokuwa sikuitaka asubuhi ile. Nikachukua kikombe, nikainama kwa mama wa kitanda cha kwanza, nikamwona ana kovu dogo kidevuni.

"Haya, mama yangu. Polepole."