Bangili iliyogoma kufika saa sita

Saa mbili asubuhi, Mama Mshale anafungua dirisha la kibanda chake, anatoa viti viwili na kuviweka ubavu kwa ubavu nyuma ya meza ya kioo. Kimoja anakikalia. Cha pili anakipangusa vumbi kwa kitambaa, kisha anakiacha wazi.

Mwenye kiti hicho ametoka hapa sasa hivi, anatembea. Leo ndiyo mara ya kwanza kwa mumewe kutembea peke yake tangu yale ya wiki iliyopita, na Mama Mshale, mwanamke ambaye siku zote ana maneno ya kumtosha kila mteja, anaitikia salamu kwa mkato. Mara kwa mara anainua macho kuitazama saa ya ukutani, halafu anajifanya alikuwa akitafuta bisibisi.

"Akirudi saa sita, tunaendelea," anasema. "Asiporudi, kibanda nafunga, tunahamia kwa mwanangu. Ndivyo tulivyokubaliana."

Kibanda chenyewe ni chembamba, mtu mnene akitaka kuingia sharti aliyemo atoke kwanza. Kimebanwa kati ya duka la viatu na chumba cha fotokopi. Juu ya dirisha kuna maandishi ya rangi nyekundu iliyopauka: FUNDI SAA. Chini yake, kwa kalamu nene nyeusi, pameongezwa: na bangili za mazoezi.

Ya chini aliyaandika yeye. Ya juu aliyaandika mumewe, Mzee Mshale, enzi hizo akiwa kijana mrefu, mwembamba, asiyejua kuchelewa. Jina hilo la utani alipewa na makarani wa ofisi za jirani, waliokuwa wakipita hapo kila asubuhi kulinganisha saa zao na ile ya ukutani. Mke naye akalirithi bila kuulizwa.

Saa hiyo ya ukutani ingali hapo. Ni ya mbao, ina mlango mdogo wa kioo, na chini yake kinabembea kidude cha shaba wanachokiita pendulamu. Kila saa inapotimia hugonga kengele, na wapita njia wa siku nyingi bado hupunguza mwendo kuihesabu.

Mteja wa kwanza leo ni muuguzi anayetoka zamu. Anaweka mezani bangili ya mpira ya buluu, zile za kuhesabu hatua na mapigo ya moyo. Kioo chake kidogo kimeng'ang'ania saa ya jana. Muuguzi anasema imekufa.

Hapo ndipo Mama Mshale anapochangamka kidogo. Mezani pake, anamweleza, saa haifi ovyo. Inaganda, inazimia, inalala fofofo, lakini kufa haifi mpaka yeye mwenye meza aseme. Muuguzi anacheka, anasema hata kazini kwao ndivyo hivyohivyo.

Mama Mshale anaigeuza bangili, anasugua vidoti vya shaba vya mgongoni kwa mswaki mkuukuu uliochovywa kwenye spiriti. Jasho la mtu likigandia pale, umeme haupiti. Kisha anaibandika kwenye chaja, anaweka kidole gumba kwenye kitufe cha ubavuni na kuinamisha kichwa kama anayesikiliza.

Kazi hii ina majina mawili aliyoyabuni mwenyewe: kuamsha na kusahaulisha. Kwa bangili za namna hiyo, unabana kitufe mpaka itetemeke mara moja. Ukiachia hapo, umeiamsha. Inazima, inawaka, inaendelea na maisha yake ikiwa na kila ilichokuwa nacho.

Usipoachia, itatetemeka mara ya pili, na hapo umeisahaulisha. Inarudi kama siku iliyotoka kiwandani. Haimjui mwenyewe, haijui alikopita, inauliza hata lugha ya kuongea naye.

"Kila anayeniletea naomba Mungu iishie kwenye kuamka," anasema. "Kusahaulisha sikupendi."

Ana sababu. Mteja wake wa kwanza wa bangili alimsahaulishia kila kitu, kwa kuwa mtetemo wa kwanza alidhani ni mkono wake mwenyewe unaotetemeka kwa woga. Yule bwana alinuna mwezi mzima. Siku hizi bado anapita, akifika dirishani anajitambulisha upya, "Mimi ni yule uliyenifuta," na wote wawili wanacheka.

Ya muuguzi inatetemeka mara moja. Kidole kinaachia. Kioo kinakuwa cheusi, kisha kinawaka, na muuguzi anaivaa akienda zake huku akiigusagusa.

Zamani dirisha hili halikuwa na nafasi ya kupumua. Mwisho wa mwezi foleni ilifika duka la viatu, watu wameshika saa za mkono, za mezani, na zile za kuamkia zenye masikio mawili. Leo watu kumi wakija, Mama Mshale anahesabu kuwa ni siku njema. Kodi ya kibanda inalipwa na mikanda na betri, na hizi bangili.

Naye mwenyewe alifika hapa akiwa mteja. Alikuwa msichana, ameleta saa ya baba yake. Fundi akaifungua, akaipuliza, akamrudishia. Wiki iliyofuata akaileta tena, eti inachelewa. Na iliyofuata. Mara ya tatu yule kijana mrefu aliitoa lenzi jichoni akamtazama kwa macho yake mawili, akamwambia saa haina ugonjwa wowote, labda mwenye saa.

"Nikaona haya mpaka nikaisahau saa mezani," anakumbuka, na kwa mara ya kwanza leo anacheka kwa sauti. "Akanifuata mbio kunipa. Mpaka leo namwambia, ungeiacha tu, ningekuja tena kesho."

Alimfundisha kazi pole pole, jioni, wateja wakiisha. Kushika kibano bila kukikaba. Kutia saa ufunguo na kujua pa kukomea. Kuijua saa mbovu kwa kuisikiliza tu, huku umefumba macho. Na jambo moja alilomkatalia katakata: saa yenye kengele isirudishwe nyuma kwa nguvu, inaumia matumbo. Ikiwahi, isimamishe, keti, subiri wakati uifikie.

Walikaa hivyo miaka na miaka, ubavu kwa ubavu. Vicheko vilikuwepo, na ugomvi ulikuwepo. Mtoto wao wa pekee alilelewa chini ya meza hiihii, akichezea magurudumu ya saa zilizoshindikana.

Halafu simu za mkononi zikaingia, watu wakaacha kuvaa saa. Na mzee akaanza kusahau. Alianza na majina ya wateja, akafuata mahali alipoweka kibano, kisha siku moja akamuuliza mkewe, kwa adabu zote, kama na yeye ameleta saa.

"Hiyo niliimeza," anasema Mama Mshale. "Nikamjibu ndiyo, nimeleta, inachelewa."

Kitu ambacho hakikumtoka ni saa. Ukimuuliza saa ngapi, anatazama, anakupa jibu la uhakika. Ndiyo maana mtoto wao, anayefanya kazi mji mwingine, alipokuja likizo alimvisha baba yake bangili. Mzee anapenda kutembea asubuhi, na kumfungia ndani ni kumnyima hewa. Basi kila ifikapo saa sita bangili ingetetemeka na kumwandikia: Baba, rudi. Naye angerudi.

Ikawa hivyo. Kila siku, kengele ya ukutani ikishagonga, baada ya dakika chache mzee anatokea penye kona ya duka la viatu, mikono nyuma, kama karani anayetoka kazini.

Wiki iliyopita hakutokea. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Mama Mshale akafunga dirisha mchana kweupe, jambo ambalo majirani hawajawahi kuliona, akaanza kuuliza mtaa hadi mtaa, sauti imemkauka. Anasema aliapa kwamba akimpata hai hatamgombeza tena maishani. Kiapo hicho kilidumu kama nusu saa.

Alimkuta jioni jua likielekea kuzama, kwenye benchi la nje ya kinyozi. Amekaa wima, ametulia, midomo imekauka kwa kiu. Kinyozi akasimulia kwamba mara mbili alimuuliza kama haendi kula, na mara zote mbili mzee alitazama mkono wake akamjibu kuwa saa haijafika. Kinyozi akadhani ni utani wa kizee.

Mama Mshale akaushika ule mkono. Bangili ilikuwa imeganda tangu saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Mtu aliyeishi kwa kuamini saa, jua lilimpita kichwani, vivuli vikageuka, njaa ikamuuma, na bado aliiamini saa. Mkewe akaanza kulia palepale, akimuuliza alikuwa amepotelea wapi siku nzima.

"Mimi sijapotea," mzee akamjibu, ameudhika. "Niko palepale. Saa ndiyo iliyochelewa."

Usiku huohuo mtoto wao akapiga simu. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuumiza mama yake zaidi, maana alisikia kabisa kwamba mwanawe naye ameogopa. Alisema imetosha, wafunge kibanda waje wakae kwake, baba atembee ndani ya ua. Mama Mshale akaomba nafasi moja. Aitengeneze bangili, mzee atoke tena, asiporudi saa sita basi atafungasha.

Kulipokucha aliiweka kwenye chaja, akabana. Ikatetemeka. Akaachia. Ikawaka, ikaganda tena palepale, saa nne na dakika ishirini. Akarudia mpaka kidole kikamuuma. Hii haikuwa ya kuamsha.

Akashindwa kuendelea. Ndani ya ile bangili mlikuwa na matembezi yote ya mumewe tangu aivae, na maneno aliyoandikiwa na mwanawe. Yaani aisahaulishe na hii? Alikaa ameikodolea macho, kidole juu ya kitufe, machozi yakimdondoka kwenye meza ya kioo.

Mzee, kwenye kiti chake, alikuwa akimtazama muda wote. Kisha akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba chake juu ya kile cha mkewe.

"Bana tu," akamwambia. "Ikisahau, tutaikumbusha."

Wakabana wote wawili. Mtetemo wa kwanza ukapita. Wa pili ukaja. Kioo kikawa cheupe, kikauliza lugha.

Jioni, mtoto wao akimwelekeza kwa simu hatua kwa hatua, Mama Mshale aliiandika upya. Kwenye maneno ya saa sita alisita. Ya mwanawe aliyakumbuka vizuri, lakini aliwaza jinsi mumewe alivyokaa pale kwenye benchi, anasubiri kuambiwa neno moja tu. Akaandika: Saa imefika.

Hata hivyo mzee hakukubali kuivaa. Enzi zake hakumrudishia mteja saa kabla ya kuilinganisha na ile ya ukutani siku kadhaa, na sharti hilo hakulisahau. Bangili ikalala mezani wiki nzima. Kila asubuhi anaiinamia, anaitazama, anainua macho ukutani, anaguna. Leo ameguna, akaivaa, akatoka.

Kengele ya saa sita inagonga. Mama Mshale anaweka chini mkanda aliokuwa akiutoboa, anageukia penye kona. Wanapita wanafunzi, anapita mtu na toroli la maboksi. Mzee hatokei.

Dakika tano zinapita, kisha kumi. Mwenye duka la viatu anatoka nje, anaangalia kona ileile, anarudi ndani. Mama Mshale anaanza kukusanya vibano na kuvipanga kwenye sanduku. Anavipanga vizuri, kimoja kimoja. Kwenye saa ya ukutani inakaribia saa sita na dakika ishirini.

Ndipo anapotokea, mikono nyuma, bila haraka yoyote. Anaingia kwa ubavu, anakaa kwenye kiti chake, anainua macho ukutani kama kawaida yake. Anatazama bangili. Anatazama tena ukutani. Uso unamkunjamana.

"Nani ameisogeza saa yangu?"

Mama Mshale anajaribu kukaza uso, anashindwa. Ni yeye. Asubuhi, mumewe alipotoka tu, aliusogeza mshale robo saa mbele, ili kama mzee atapotea yeye awahi kuanza kumtafuta. Halafu hofu ikamzidi, akaiamini saa aliyoidanganya mwenyewe.

Anamwambia ukweli. Mzee anamsikiliza hadi mwisho, anatikisa kichwa kama anayemsikitikia mwanafunzi mzito. Anainuka, anafungua kile kimlango cha kioo na kuishika pendulamu kwa vidole viwili mpaka inatulia. Kibanda kinakuwa kimya. Anarudi kukaa, mkono wenye bangili gotini, akisubiri wakati uifikie ile ya ukutani.

Simu inaita. Ni mtoto wao, anauliza kama baba amerudi. Mama Mshale anamwambia amerudi, hajambo, tena yuko kazini. Anaeleza mipango yake kwa pupa: kuanzia mwezi ujao kibanda kitafungwa alasiri, asubuhi mzee atembee, alasiri watembee wote wawili, na yeye atajinunulia bangili yake. Kisha mtoto anauliza, kwa upole, kama hata hivyo isingekuwa vizuri waanze kufikiria kuja.

Mama Mshale anamtazama mumewe. Mzee hajatoa jicho kwenye bangili, na kidole kimoja amekiinua juu, kuashiria bado.

"Saa haijafika, mwanangu," anasema, na kuanza kuvitoa tena vibano sandukuni.