Taji la Marehemu Vern

Marlys Haapala hakuwa mtu wa kinyongo, mpaka siku simu ya marehemu mumewe ilipolia mezani.

Simu hiyo alikuwa akiichaji tangu Vern azikwe, bila sababu ambayo angeweza kumweleza mtu. Vern alikuwa mpanda baiskeli. Kwenye ile programu ya simu ambamo waendesha baiskeli wa mji wa Duluth, Marekani, huweka safari zao, jina lake lilikaa juu kabisa, na taji la mwenye kasi kuliko wote, katika orodha ya mwinuko unaotoka ziwani mpaka kanisani, na hakuna kijana aliyewahi kumshusha. Marlys mwenyewe alikuwa mtu wa vitabu. Mume akihangaika na mlima, yeye yuko barazani na kishikwambi chake cha kusomea vitabu, anafuatilia wauaji na wapelelezi. Sasa simu ikamletea marehemu habari kwamba taji lake limechukuliwa. Aliyelichukua ni Todd Lindquist, jirani wa ng'ambo ya uzio.

Todd! Mtu anayehema akipanda ngazi za nyumba yake mwenyewe. Tena hakuona haya. Alimkuta Marlys akimwagilia maua, akaegemea uzio.

"Rekodi huwekwa ili zivunjwe, Marlys. Vern angefurahi."

Marlys alitabasamu. Watu wa kule hawagombani usoni; hutabasamu, wakakuletea chakula, na huku moyoni wanakupika. Kesho yake akaoka bakuli la nyama na viazi, akampelekea Todd kumpongeza. Mlango wa gereji ulikuwa wazi, na humo akaiona ile baiskeli nzuri nyembamba imeegeshwa, waya umetoka ukutani ukaingia kwenye bomba la fremu yake. Akasimama na bakuli lake la moto. Amesoma hadithi za upelelezi miaka yote hiyo, lakini hili halikuhitaji mpelelezi. Baiskeli ya miguu hailishwi umeme.

Baiskeli za mota zina orodha yao katika programu ile, na Todd alijua. Kulikuwa na kitufe cha kumshtaki. Ukikibonyeza, safari yenye shaka hufutwa na mambo yakaisha kimyakimya. Marlys alikitazama kitufe kile siku nyingi asikiguse. Kumfuta kimyakimya ni kumsitiri, na yeye hakutaka kumsitiri. Alitaka aumbuke mchana kweupe, mbele ya wale wale wa klabu ya baiskeli waliompigia makofi.

Akaenda duka la baiskeli. Muuzaji alimwonyesha saa inayopima usingizi, na nyingine inayokusifu ukisimama. Marlys akamwambia usingizi wake anaujua na sifa hazitaki. Alitaka saa inayochora mlima, inayopeleka safari yenyewe kwenye programu, na yenye maandishi ambayo macho yake yatayaona. Iliyofaa ilikuwa mbaya kuliko zote. Akaivaa hapo hapo. Kisha akatoa picha aliyoipiga gerejini, akaomba baiskeli iliyo pacha na ile.

Akajifunza kuiendesha kwenye uwanja wa maegesho wa kanisa, akaanguka, akainuka, goti likavimba. Kila likiuma alimtaja Todd kwa jina. Siku aliyopanda mlima wenyewe, mota ilimsukuma mpaka akafika kanisani hata jasho hana, na jina la Todd likashuka.

Jumapili iliyofuata klabu ilikusanyika mgahawani kwa Jolene, mwenyekiti wao, kula chapati za maji na sharubati ya miti, ule utomvu mtamu mzito wa kumiminia juu. Todd hakusubiri hata kahawa.

"Jolene, ifute ile safari ya huyu mama. Goti bovu, baiskeli kaijua juzi. Ana mota huyo."

"Umejuaje?" Marlys aliuliza taratibu.

"Muda ule haupandwi kwa miguu, bibie. Haupo mguu wa hivyo mji huu."

"Nimekuzidi sekunde chache tu, jirani."

Watu wote mezani wakamgeukia Todd.

"Ni kweli nina mota," Marlys akasema. "Yako na yangu ni pacha. Safari yangu naifuta sasa hivi, watu wote wanaona. Haya, zamu yako."

Akafuta. Jolene alitoka nje, akaishika baiskeli ya Todd kwa mkono mmoja kuinyanyua, kama wanavyonyanyua zao kila siku. Haikunyanyuka, kwa uzito wa mota iliyofichwa ndani. Dirishani wote walimwona akiiacha na kuinuka. Todd akaitoa simu, vidole vikinata sharubati, na ilimbidi abonyeze mara mbili kuifuta safari yake. Marlys aliuangalia uso ule ukiiva, akala chapati yake yote, na haikuwahi kuwa tamu hivyo. Mfukoni mwake simu ya Vern ilionyesha jina la marehemu limerudi juu, mahali pake.

Todd aliacha klabu. Jioni moja alikuja uzioni na bakuli la nyama na viazi alivyopika mwenyewe, akasema amekosa, yaishe. Marlys akalipokea, akatabasamu.

"Yameisha, jirani."

Lakini kila Jumamosi, Todd akiwa bustanini anakata nyasi, Marlys hupanda mlima ule kwa mota yake. Saa ameiacha mezani, kwa kuwa safari hii si ya kuandikwa. Akifika mbele ya nyumba ya Todd hupunguza mwendo, akapiga kengele, akamsubiri mpaka ainue uso.