Grili ya Kukalia

Nyumba yetu ya Kisangani ina pisini, bwawa la kuogelea. Nikisema hivyo, watu wa mbali wanadhani sisi ni matajiri, kwa hiyo wacha niwatoe tongotongo mapema. Pisini tuliipata pamoja na nyumba yenyewe, moja ya zile nyumba kubwa za zamani zenye madirisha marefu na dari linalovuja, na katika utoto wangu wote sikuona humo maji ya kuogelea hata siku moja. Mama alilima matembele mle ndani. Upande usio na kina aliujaza udongo, na upande wenye kina mvua ilipotuama, bata walikuwa na ziwa lao. Mboga ya jioni tuliishukia kwa ngazi.

Tuliitengeneza kwa ajili ya Papa, baba yetu. Papa alizaliwa kando ya maporomoko, katika familia ya wavuvi, akajua kuogelea kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati. Baadaye akawa mtumishi wa serikali, mtu wa ofisi na koti, lakini kila Jumamosi alivua koti akarudi mtoni. Kisha sukari ikamla mguu. Waliukata wa kushoto, juu ya goti, na mtu aliyerudi kutoka hospitali sikumjua. Alikaa barazani akitazama ukuta. Alikula kwa sababu Mama alikuwa anamwangalia. Na kilichomchoma kuliko mguu wenyewe ni kubebwa. Mimi huku, mdogo wangu wa kiume kule, tunamwinua kitandani, tunamwinua bafuni. "Siko gunia ya muhogo," alikuwa anatuambia, halafu ananyamaza mpaka kesho yake.

Mtoni tusingeweza kumrudisha. Mkondo wa pale haumhurumii mwenye miguu miwili, seuze mwenye mmoja. Ndipo nikamwambia Mama tung'oe matembele. Aliniangalia kana kwamba nimesema tuuze kanisa. Siku iliyofuata nikamkuta ameshika jembe, anayang'oa mwenyewe, na ole wako ungemuuliza kitu.

Pisini ile ilijengwa kwa namna yake. Maji yanajaa hadi ukingoni kabisa, sawa na sakafu, na yanayozidi yanamwagikia kwenye mfereji unaozunguka pande zote. Kutoka hapo yanaingia kwenye tangi, na pampu inayarudisha. Kwa Papa hiyo ilikuwa bahati kubwa. Hakuna haja ya ngazi, hakuna kushushwa na mtu. Unakaa pembeni, unajisogeza kidogo, umeingia. Lakini pale pembeni unapokaa ndipo mfereji ulipo, na mfereji unataka kifuniko chenye nafasi za kupitisha maji, kitu ambacho sisi tunakiita grili. Za zamani zilikuwa zimepotea. Nadhani waliokaa humo kabla yetu walizitumia kupikia. Basi shughuli yote, Papa aingie majini mwenyewe au abaki na ukuta wake, ikawa imesimama juu ya kitu hicho.

Mimi ninauza vitambaa sokoni. Nikishika kitenge kwa vidole viwili nakuambia kitachuja au hakitachuja. Mambo ya grili sikuyajua hata kidogo, lakini mdomo ninao, kwa hiyo nikaenda kwa fundi wa kuunga vyuma nikamwambia: nataka grili, ndefu, ya nguvu, ya kudumu. Hakuniuliza ya wapi. Na angeuliza kwa nini? Katika mji huu grili ni moja tu, ya dirisha. Akatuletea mzigo juu ya mkokoteni, amepaka rangi ya fedha, ameweka maua katikati. Maua! Na juu ya maua, ncha kali za kumchoma mwizi anayetaka kuruka.

"Fundi," nikamwambia, "unataka papa yangu akalie hii?"

"Mama, ulisema grille," akanijibu. Na kweli nilisema.

Barazani Papa alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akashika tumbo, akasema mwizi wa maji amepatikana. Sauti ile hatukuwa tumeisikia tangu hospitali. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama anamtazama tu. Ningeweza kumkumbatia yule fundi pamoja na ncha zake. Grili zile tuliziweka kwenye dirisha la stoo, maana hata zingekuwa bapa, chuma pale kingeoza kwa kutu na dawa ya maji.

Kicheko kile kikamfungua Papa mdomo. Akasema grili ifanywe kwa mbao. "Lakini mbao ya kweli, ya Bafwasende," akasema kwa sauti yake ya ofisini, nasi tukatii kwa furaha. Mbao zikaja na lori kutoka huko msituni, nyekundu, nzito, zinanukia. Seremala akazipasua vipande vyembamba, akavipanga kuzunguka pisini nzima, na ilipendeza mno. Papa alikaa akavipapasa kwa kiganja. Akasema wakati maji yatakapojaa vizuri ataingia.

Lakini mvua za kwetu hazijui kupumzika. Mbao zikanywa maji, zikavimba, zikabanana. Nafasi zikafungwa. Maji yakakosa pa kushukia, yakatambaa sakafuni, na juu ya mbao ukaota utelezi wa kijani ambao Mama aliusugua asubuhi na jioni ukawa umerudi. Siku moja Papa alitoka peke yake na magongo yake kwenda kuangalia. Gongo moja likateleza. Mama alikuwa anamletea chai, akamwona anavyoanguka, na kikombe kikaenda zake. Hakuvunjika kitu. Aliumia kiwiko tu. Lakini ilibidi tumwinue, mimi huku, mdogo wangu kule, na wakati tunamwinua alikuwa amefumba macho.

"Mama," akamwambia mke wake, "rudisha matembele yako."

Nilikasirika, jamani. Nilizikasirikia mbao, nikaikasirikia mvua, nikamkasirikia hata yeye kwa kukubali kushindwa na ukungu. Zile mbao nilizing'oa mwenyewe kwa nyundo, mpaka majirani wakachungulia.

Baadaye nikaenda kwa mzee mmoja mwenye duka la vigae na mabomba, mtu wa Maniema, Mwislamu mwenye subira kuliko wote ninaowajua, na bahati nzuri, maana siku hiyo nilihitaji subira ya mtu mwingine. Safari hii sikusema grili. Nilimweleza kila kitu: mfereji, maji, mvua, mguu. Akanisikiliza, akasema hiyo siku hizi inafanywa kwa plastiki, naye anaweza kuagiza Kampala au Kinshasa, na mifano anayo nyuma. Akanitolea vipande. Kimoja cheupe, kizuri cha kutamanisha, nikakikunja kidogo kikatoa mlio kama biskuti inayovunjika.

"Hicho jua itakula mbio," akasema mwenyewe. "Sitaki unirudilie na makelele."

"Tonton," nikamwambia, maana kwetu kila mzee ni mjomba, "nitarudi na makelele hata kwa ile nzuri."

Akacheka. Vile vingine vilikuwa vizito, plastiki nene iliyotiwa dawa ya kuvumilia jua, na juu vimekwaruzwa ili mguu usiteleze. Nilivibonyeza, nikavisimamia kwa kisigino. Akaniruhusu nivichukue nyumbani nikamwonyeshe Papa mwenyewe.

Mwenyewe hakutaka kuona. Aligeuza shingo. Basi nikangoja aende kunawa, nikaweka kipande kimoja kwenye kiti chake. Akarudi, akakaa.

"Iko nini hii?"

"Iko kiti yako mupya, Papa."

Mtu mwingine angeinuka. Papa hakuinuka, kwa sababu kuinuka kungekuwa kunipa ushindi, na kichwa hiki kigumu mimi nimekitoa kwake. Alikalia plastiki ile hadi chakula cha mchana, anasoma gazeti la zamani kana kwamba hakuna kitu. Mama alipochoka na upuuzi wetu, akampandisha kaputula akamwangalia paja. Mistari, mistari, mistari.

"Nzambe, Mungu wangu! Umekuwa sawa mukeka!"

Wakacheka wote wawili, na Papa akasema, bon, leteni ile ingine.

Nikamletea ile niliyoipenda mimi, ya nafasi nyembamba sana. Niliipenda kwa sababu ncha ya gongo isingeweza kuzama humo. Papa akaigeuza, akajaribu kupitisha vidole vyake. Ana vidole vinene vya mvuvi, hata ofisi haikuvipunguza.

"Hii vidole haiingie."

"Na viingie kufanya nini?" Nilikuwa nimeanza kuchemka. Nimezunguka mji mzima, na mtu ananitafutia kasoro!

Akaniangalia bila hasira. "Ninyi munafikiria kuingia tu. Kuingia, hata jiwe inaingia. Nitatoka namna gani?"

Maneno yote yale, mafundi wote wale, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amefikiria kutoka. Au tuseme ukweli: tulikuwa tumefikiria. Tulidhani tutamvuta sisi, mimi huku, mdogo wangu kule. Yeye barazani, tulipodhani anatazama ukuta, alikuwa anatafuta mahali pa kushika.

Nilirudi dukani na gongo lake moja. Nikawa nalidunga kwenye kila grili iliyopo, natia na vidole vyangu pamoja na kipande cha mti tulichokichonga unene wa kidole chake. Mteja mmoja aliyekuja kununua bomba alimuuliza mzee kama huyu mama yuko sawa. "Iko sawa," mzee akajibu, "anachagua." Tukaipata ile ambayo vijiti vyake vimelala kukatisha mfereji, si kufuata mfereji, na nafasi zake zinapitisha kidole lakini zinakataa mpira wa ncha ya gongo. Ilipofika na kupangwa, Papa akaomba asogezwe karibu, akiwa kwenye kiti chake. Akaishika, akaivuta kwa nguvu zake zote. Ikainuka kidogo.

"Inacheza," akasema.

Tukaifunga kwa skurubu zisizoshika kutu. Akavuta tena. Akavuta na mahali pengine, na pengine, akizunguka upande mzima. Fundi aliyekuja kuifunga alitaka kukasirika, nikamwangalia, akaacha.

Aliingia siku ya Jumapili, tuliporudi kutoka misa. Alikuja kwa magongo, amevaa kaputula, kifua wazi, na yale magongo yalishika bila kuteleza. Akakaa juu ya grili, akayalaza pembeni. Alikaa hapo muda mrefu. Mama alianza kunyoosha mkono, nikamshika kitenge nikamrudisha nyuma. Papa akajisogeza, akaingia, na maji yakapanda yakamwagika kupitia grili pande zote kwa mara moja, yakinguruma chini ya miguu yetu. Alizama. Akatokea mbali. Akaogelea kwa mikono ile ile ya zamani, ameinua kichwa kidogo, na ndani ya maji hukujua ni mguu gani haupo. Mama alikuwa anasema jina la Yesu polepole bila kuacha.

Alipochoka akaja ukingoni. Akapitisha vidole kwenye grili. Akajivuta hadi kifuani, mikono ikamwishia nguvu, akarudi chini, akameza maji. Mdogo wangu akapiga hatua.

"Mwache!" Nilipiga kelele ambayo nadhani hata soko lilisikia. Nilikuwa naogopa kuliko wote.

Akajivuta tena. Kiwiko kimoja juu. Akakaa hivyo, anahema, shavu lake limelala kwenye plastiki. Kisha kiwiko cha pili, akajigeuza kwa nyonga, na akawa amekaa. Grili haikusogea hata kidogo. Hakuna mkono wa mtu uliokuwa umemgusa.

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Siku ya hospitali sikulia; nililia siku hiyo. Nikachukua taulo, nikachukua magongo, nikaenda nikainama mbele yake kumpa. Aliyatazama magongo, akanitazama mimi, maji yanamdondoka kidevuni.

"Unazani nimeisha?"

Akateleza akaingia tena. Mimi nikabaki nimesimama na magongo yake mkononi, maana kweli, tangu walipomkata mguu, ndivyo tulivyokuwa tunadhani wote.